Usiku wa Star Trek barazani: kuchagua vipindi, kufunga mitambo na kuongoza mabishano

Ukimuuliza shabiki wa Star Trek, mfululizo wa televisheni wa Marekani wa safari za angani, anapenda nini, ataanza na chombo chenyewe, Enterprise, kisha masikio ya Spock, kisha mtambo unaorusha watu kutoka chomboni hadi sayarini. Mwache aendelee kidogo, utamkuta ameshafika pengine: anakuelezea uamuzi wa nahodha ambao yeye hajaukubali mpaka leo. Hapo ndipo penye utamu wa mfululizo huu. Kipindi kizuri cha Star Trek humweka mtu mwema mbele ya njia mbili, zote zenye hasara, na kumtaka achague kabla muda haujaisha. Watazamaji wakiinuka hapo hawaendi kulala, wanabishana.

Visiwani mabishano yana mahali pake maalumu, nako ni barazani. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa kuandaa usiku wa Star Trek kwa watu 15 hadi 40, uani, barazani au kiwanja cha skuli, Unguja au Pemba, na kila kitu ndani yake, kuanzia kipindi hadi kimo cha spika, kimepangwa kwa ajili ya yale mazungumzo yanayofuata.

Chagua kipindi kabla ya kutafuta projekta

Mfululizo wa mwanzo ulirushwa na NBC ya Marekani kuanzia 8 Septemba 1966 hadi 1969, jumla vipindi 79, kila kimoja dakika 50 hivi. The Next Generation ulifuata kati ya 1987 na 1994 kwa vipindi 178 vya dakika kama 45, na Deep Space Nine kati ya 1993 na 1999 kwa vipindi 176. Mali ipo nyingi, ndiyo maana watu hukosea hapa: wanaanza na kipindi cha kwanza na kwenda kwa mpangilio. Hakuna haja. Vipindi karibu vyote vya mfululizo wa mwanzo vinajitegemea, hadithi inaanza na kumalizika usiku huo huo. Na msimu wa kwanza wa The Next Generation ni dhaifu. Kipindi chake cha ufunguzi kina urefu wa filamu, na mgeni asiyewajua wahusika atachoka kabla hawajamaliza kujitambulisha.

Usiku wa kwanza tunapendekeza The Devil in the Dark, kilichorushwa 9 Machi 1967. Wachimba madini wa sayari ya Janus VI wanauawa mmoja mmoja na kiumbe kinachopita ndani ya mwamba. Enterprise inaitwa ije kukiua. Mtazamaji hahitaji kujua lolote kabla, hofu inaanza dakika ya kwanza, na swali lake linaeleweka na mtoto na mzee: nani hasa aliyevamia nyumba ya mwenziwe? Kiumbe chenyewe kinaonekana wazi kuwa ni mtu aliyejifunika zulia la mpira. Usiombe radhi kwa hilo mbele ya watu. Baada ya robo saa hakuna atakayelitaja tena.

Usiku wa pili, The City on the Edge of Forever cha 6 Aprili 1967, ambacho wengi wanakihesabu kuwa bora kuliko vyote vya mfululizo ule. Dk. McCoy, daktari wa chombo, akiwa amerukwa na akili kwa dawa aliyojidunga kwa bahati mbaya, anaingia kwenye lango la wakati na kuiharibu historia. Nahodha Kirk na msaidizi wake Spock wanamfuata New York ya 1930, na huko Kirk anampenda mwanamke ambaye lazima afe ili historia irudi mahali pake. Kipindi hiki kisiwe cha kwanza. Uchungu wake unategemea mtazamaji awe ameshamzoea Kirk walau kwa usiku mmoja.

Usiku wa tatu hamia The Next Generation kwa The Measure of a Man cha 1989. Kamanda Data ni mtu wa mashine, na mwanasayansi mmoja anataka kumfungua vipande vipande ili amtengeneze mara elfu. Data anakataa, na mahakama inakaa kuamua kama ana haki ya kukataa au ni mali ya jeshi. Hakuna hata risasi moja. Kabla ya kuonyesha, angalia urefu wa nakala uliyonayo: ipo iliyorushwa hewani ya dakika 45 na ipo ndefu zaidi iliyotoka baadaye kwenye diski. Kwa baraza, ile fupi inatosha.

Usiku wa nne, Darmok cha 1991. Nahodha Picard anakwama sayarini na nahodha wa taifa ambalo kila neno lake linafahamika na hakuna sentensi inayoeleweka, kwa sababu wao huzungumza kwa kutaja matukio ya hadithi zao za kale. Watu waliokulia kwenye majina ya kanga na mafumbo ya taarabu hukipokea kipindi hiki kwa kasi ya ajabu. Wanajua kwamba unaweza kumwambia jirani jambo zito bila kulitaja, mradi nyote mnaijua asili ya fumbo.

Watoto wakiwa wengi, badilisha mmoja wa usiku hizo kwa The Trouble with Tribbles cha Disemba 1967, ambamo vijinyama vya manyoya vinazaana mpaka vinajaza chombo kizima. Na Far Beyond the Stars cha Deep Space Nine, cha 1998, kiweke mbali kidogo mbele. Kinamhusu mwandishi mweusi wa New York ya miaka ya 1950 anayekatazwa kuandika juu ya nahodha mweusi, ni kizito, kina tusi la ubaguzi na kipigo cha polisi. Kinafaa watu wazima walioshakuwa kundi.

Wakati watu wanaingia na kutafuta pa kukaa usiku ule wa kwanza, onyesha kipande kifupi cha The Man Trap, ndicho kipindi kilichorushwa mwanzo kabisa. Kiumbe kinachojigeuza umbo kinamtokea Luteni Uhura kwa sura ya kijana mweusi na kumsemesha kwa Kiswahili, kwenye televisheni ya Marekani, mwaka 1966. Matamshi yatawachekesha watu na uwanja utachangamka. Nichelle Nichols, aliyeigiza Uhura, alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza, na aliyemshawishi abaki ni Martin Luther King. Hilo litaje kwa sentensi moja, kisha uzime taa.

Mahali pa kusimamisha

Hii ndiyo kazi kubwa ya mwandaaji na ndiyo inayosahauliwa. Kipindi ukikiacha kipite moja kwa moja hadi mwisho, watu wataona nahodha alivyoamua, na mjadala utakuwa wa kukubali au kukataa jambo lililokwisha. Ukikisimamisha pale anapotakiwa kuamua, watabishana wakiwa ndani ya viatu vyake. Simamisha mara moja tu kwa kipindi. Mara mbili ni kero.

Kwenye The Devil in the Dark, simamisha pale Kirk amebaki peke yake handakini na kiumbe kimemkabili. Tazama jinsi hadithi ilivyosukwa: mwanzo ni Kirk aliyetoa amri kiuliwe na Spock ndiye aliyetaka kihifadhiwe. Sasa Spock, akihofia maisha ya rafiki yake, anamwambia kwa simu akiue upesi, na Kirk anasita. Uliza: piga au subiri? Omba mikono juu, hesabu kwa sauti, kisha endelea.

Kwenye The City on the Edge of Forever, ni pale Spock amemaliza kueleza kwamba mwanamke yule akiishi, Ujerumani itashinda Vita vya Pili vya Dunia, na Kirk amekiri kuwa anampenda. Usingoje mpaka barabarani mwishoni. Pale hakuna nafasi ya kuvuta pumzi na ukisimamisha utaua kipindi.

Kwenye The Measure of a Man, simamisha mara tu baada ya Riker, msaidizi wa Picard, aliyelazimishwa kuwa mwendesha mashtaka dhidi ya rafiki yake, kumzima Data mbele ya hakimu. Dakika tano zinatosha. Ukianza tena yanakuja mazungumzo ya Picard na Guinan, mwanamke anayeendesha ukumbi wa vinywaji chomboni, juu ya nini hutokea jamii inapotengeneza watu wa kutumika na kutupwa. Hapo usiguse kitu. Zanzibar soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria mpaka 1897, kwa hiyo sentensi za Guinan hazitasikika hapa kama nadharia. Utaona wazee wanasogea mbele. Tenga dakika 40 za mazungumzo usiku huo badala ya 25, na mtu akianza kuyasimulia ya ukoo wake mwachie nafasi hata kama Data amesahauliwa kwa muda.

Darmok ndicho pekee ambacho hatukisimamishi kabisa. Raha yake yote ni mtazamaji kuanza kuielewa lugha ile taratibu pamoja na Picard, na ukikatiza unamvunjia.

Viti vitatu

Mfululizo wa mwanzo umejengwa juu ya watu watatu. Spock anahesabu matokeo, McCoy anamsemea anayeumia, Kirk anawasikiliza wote wawili na kubeba lawama. Mashabiki wanaupenda utatu huu kuliko vita vyote vya angani, na unafaa sana kuendeshea baraza.

Weka viti vitatu mbele, kando ya pazia. Wa kiti cha Spock anaruhusiwa kusema hasara na faida tu: wangapi watakufa, nini kitafuata, sheria inasema nini. Wa kiti cha McCoy anamsemea mmoja aliye hatarini na haruhusiwi kutaja idadi. Kila mmoja dakika tatu. Kisha uwanja unafunguliwa, na mwisho wa yote wa kiti cha nahodha anatoa uamuzi kwa sentensi moja na sababu moja. Kila usiku badilisha watu, na jitahidi kumpa kiti cha Spock yule mwenye huruma nyingi, na cha McCoy yule mkali wa hoja. Kina mama wakikaa upande wao, kiti kimoja kiende huko huko kwao na kipaza sauti kipelekwe, asitakiwe mtu kuja mbele.

Yanayoharibu mazungumzo ni machache na yanajulikana. La kwanza ni swali bovu. “Mmeonaje?” hujibiwa “kizuri” na kimya kinafuata, uliza kitu cha kutenda: ungempiga, ungemficha, ungesema uongo? La pili ni mjuzi. Kila kundi lina mtu aliyeona vipindi vyote, naye hujibu kila hoja kwa kilichotokea msimu wa tano. Mpe kazi ya kushika saa, na mwambie mapema kwamba ya vipindi vijavyo hayatajwi. La tatu ni vipindi vyenye viumbe vinavyojiita miungu, na mfululizo wa mwanzo unavyo kadhaa. Kwa kundi ambalo halijazoeana, mjadala unaacha hadithi na kuwa wa itikadi, na watu wanarudi nyumbani na uchungu. Viache mpaka mtakapojuana.

Maandishi ya Kiswahili chini ya picha

Star Trek ni maneno. Anayekosa maneno anaona watu wamesimama chumbani wakitazamana. Kama nusu ya watu wako hawafuati Kiingereza cha haraka, usionyeshe mpaka uwe na Kiswahili.

Njia ya msimulizi, kama wafanyavyo kwenye vibanda vya video, ni nyepesi na watoto wanaipenda, lakini sauti yake inafunika sauti za waigizaji, na Spock bila sauti ya Leonard Nimoy amepungua sana. Ukilazimika kuitumia, msimulizi aseme kwenye mapengo tu na awe ameshakitazama kipindi mara mbili akiwa na karatasi mkononi. Bora zaidi ni maandishi. Kipindi cha dakika 45 mara nyingi kina mistari 500 hadi 700, watu wawili wakigawana wanaimaliza kwa wiki moja ya jioni.

Kazi hufanywa kwenye faili la SRT, ambalo kila kipande chake kina namba, muda wa kuanza na kumaliza, na maneno. Programu ya bure ya Subtitle Edit inafaa. Kila mstari usizidi herufi 40, na mistari miwili ndiyo mwisho. Kipande kisikae chini ya sekunde moja na nusu, na hesabu sekunde moja kwa kila herufi 15 za kusoma. Sentensi ikizidi, kata maneno, usiongeze muda, kwa sababu mzungumzaji mwengine atakuwa ameshaanza. Hifadhi kwa mfumo wa UTF-8, lipe faili jina lile lile la video, liweke folda moja nayo, na VLC, programu ya kuchezea video, italisoma lenyewe.

Kisha jaribu sehemu mbili: dakika ya 2 na dakika ya 40. Maandishi yakichelewa au kuwahi kwa kiasi kile kile kote, bonyeza G au H kwenye VLC, kila mbonyezo unasogeza milisekunde 50. Yakiwa sawa mwanzoni na kupotea kadiri kipindi kinavyokwenda, tatizo ni kasi ya fremu: faili limetengenezwa kwa fremu 23.976 kwa sekunde na video yako inakwenda 25. Tofauti hiyo hufika karibu dakika mbili kipindi kinapoisha, na G na H hazitaisaidia. Rudi Subtitle Edit, badilisha kasi ya fremu, hifadhi upya.

Kabla ya kutafsiri mstari wa kwanza, kubalianeni istilahi na ziandikwe. Kapteni awe nahodha, na wafanyakazi wa chombo wawe mabaharia. Lugha ya bahari tunayo ya kutosha na mfululizo wenyewe umeigwa kutoka kwa manowari. Pale nahodha anapokaa, “bridge” kwa Kiingereza, paitwe chumba cha usukani. Ukiandika “daraja” watu watatafuta mto. Ngao ni ngao. Ile amri ya kutoingilia mambo ya jamii ambazo hazijafikia kusafiri kati ya nyota iitwe Amri Kuu, na itumike hivyo hivyo kila kipindi, kwa sababu mabishano mengi yataizunguka. Darmok kina mtego wake: mojawapo ya majina ya watu wa hadithi zao ni Shaka, na mtazamaji wa Kiswahili atalisoma kama wasiwasi. Waambie watu kabla ya kuanza kwamba majina yote ya wageni wale ni ya watu na mahali, na usiyatafsiri. Tafsiri yanayofuata jina tu.

Pazia na projekta

Pazia rahisi ni shuka mbili nyeupe zisizo na maua zilizoshonwa pamoja, na nyuma yake kitambaa cheusi, maana bila hicho mwanga unapenya na picha inafifia. Ukuta uliopakwa chokaa nao unafaa kama ni laini. Kuta za Mji Mkongwe nyingi zina mawimbi na nyuso zinapinda. Upana wa mita 2 kwa kimo cha mita 1.12 unatosha watu 40. Simamisha boriti mbili za mita 3, zichimbie nusu mita, na ukingo wa chini wa pazia uwe mita 1.2 kutoka ardhini. Watu wengi huweka pazia chini mno, kisha vichwa vya waliokaa mkekani vinafunika maandishi yote. Ukingo wa chini upachikwe bomba au ubao wa kulivuta. Upepo wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, na wa kaskazi kuanzia Disemba, vyote vina nguvu usiku wa pwani, kwa hiyo pazia likae upepo ukipita ubavuni. Likiukabili, litajaa kama tanga na boriti zitalala.

Mwangaza wa projekta husomwa kwa lumeni za ANSI, na lengo ni lumeni 100 au zaidi kwa kila mita ya mraba ya picha. Pazia letu lina mita za mraba 2.24, kwa hiyo projekta ya lumeni 300 za kweli inatosha gizani. Neno ni “za kweli”. Projekta ndogo za bei rahisi huandikwa maelfu kwenye boksi ilhali za ANSI ni 100 au 150. Kama yako ni hiyo, punguza picha iwe na upana wa mita 1.6 au chini kidogo, utaona nyuso vizuri. Mbalamwezi haina madhara yoyote. Taa ya nje ya jirani ndiyo adui, mwombe azime kwa saa mbili na umkaribishe.

Umbali wa projekta hutegemea lenzi yake: yenye uwiano wa 1.5 inataka mita 3 kwa picha ya mita 2. Mstari wa mwisho wa watu usizidi mita 7 kutoka kwenye pazia, la sivyo maandishi hayasomeki.

Vipindi vyote tulivyovitaja vilitengenezwa kwa picha ya umbo la 4 kwa 3, karibu mraba. Kwenye pazia la mita 2 picha itachukua mita 1.5 katikati na pande mbili zitabaki nyeusi. Ndivyo inavyotakiwa. Ukiinyoosha ijae, Spock atanenepa, na ukiikuza utakata vipaji vya nyuso. Kitufe cha A kwenye VLC hurudisha umbo.

Projekta iliyokuwa chumba chenye kiyoyozi ukiitoa nje ghafla, lenzi inapata ukungu kwa unyevu wetu wa pwani. Itoe ikiwa ndani ya mfuko wake dakika 45 kabla, uiache izoee. Msimu wa masika kumbikumbi wakitoka watavamia mwanga wa lenzi. Washa taa moja nyuma ya watu, mbali na pazia, waende huko.

Sauti

Spika mbili, kila upande wa pazia, kimo cha mita 1.2 hadi 1.5. Spika moja karibu na projekta humfanya mtu asikie maneno kutoka mgongoni huku midomo iko mbele, na hapo akili inachoka bila mwenyewe kujua. Tumia waya. Spika za Bluetooth huchelewesha sauti, na midomo ya Picard inakuwa imeshafunga wakati neno linatoka. Kama huna budi, bonyeza J kwenye VLC mpaka vikutane.

The Next Generation kwenye diski huja na sauti ya spika sita au nane. Ukiipeleka kwenye spika mbili bila kubadilisha, muziki unapiga na maneno yananong’ona. Chagua stereo kwenye menyu ya sauti. Mvumo ukisikika kwenye spika, chomoa chaja ya laptopu kwanza kabla ya kulaumu kitu chengine, mara nyingi ndiyo yenyewe.

Umeme

Projekta ya taa ya kawaida hula wati 250 hivi, laptopu 60, spika 50, jumla 360. Betri ya gari au ya sola ya volti 12 na saa-ampea 100 ina saa-wati 1,200, lakini betri ya risasi na asidi usiimalize kupita nusu, na inveta nayo inakula kama asilimia 12. Zinabaki saa-wati 530 hivi, yaani karibu saa moja na nusu. Kipindi na sehemu ya mazungumzo vinapita. Projekta ya LED ya wati 80 inashusha jumla hadi 190, na betri ile ile inafika saa mbili na dakika arubaini na tano hivi.

Hata umeme wa gridi ukiwepo, projekta ya taa iweke kwenye UPS, yaani betri ya akiba. Umeme ukikatika ghafla feni inasimama huku taa ingali na moto mkali, na taa inapasuka au kupunguza umri. UPS inakupa dakika za kuizima kwa utaratibu. Jenereta iwe mita 20 au zaidi, nyuma ya ukuta, na stabilaiza kati yake na vyombo.

Saa, ruhusa na kahawa

Jua linazama kati ya saa 12 na saa 1 kasoro mwaka mzima, na isha huadhiniwa kabla ya saa 2. Anza saa 2 na nusu, watu wameshasali na kula. Mwezi wa Ramadhani sogeza mpaka baada ya tarawehe. Kipindi kimoja kwa usiku. Cha pili daima hula muda wa mazungumzo.

Ukiwa na marafiki nyumbani kwako, mwarifu sheha kwa heshima tu, kwa sababu ya sauti. Ukitangaza kwa umma au kutoza kiingilio, ni jambo jengine: maonyesho ya hadhara yanapita kwa Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni, na mwenye haki za mfululizo lazima akubali. Akaunti ya kutazamia nyumbani haikupi haki hiyo. Mwandaaji akione kipindi peke yake kwanza, sare za kina dada wa miaka ya 1960 ni fupi na wazazi wengine watapenda kujua mapema.

Kahawa na kashata zije baada ya kipindi, si kati. Muuza kahawa akigonga vikombe Picard anazungumza, maneno yamepotea.

Kundi likishakomaa, baada ya usiku sita au saba, lipe The Best of Both Worlds. Ni sehemu mbili. Ya kwanza ilirushwa Juni 1990 na inakatika pale Riker anapotoa amri ambayo huenda ikamuua nahodha wake mwenyewe. Mashabiki wa wakati huo walingoja hadi Septemba kuona sehemu ya pili, na mpaka leo wanauzungumzia ungojeaji ule kama sehemu ya raha. Lipe kundi lako wiki nzima. Usionyeshe zote mbili usiku mmoja hata wakikuomba, na sehemu ya pili usiwe nayo kwenye laptopu usiku ule, maana wataikagua.